Tanuu la Bibi

Bibi yangu mzaa mama hakuingia darasani hata siku moja, lakini alijua kupima jiwe kwa kiganja. Tulikaa kusini mwa Unguja, mwendo mfupi kutoka Kizimkazi, na kazi yake ilikuwa kuchoma chokaa. Tanuu likishapoa alipita juu ya lundo, akaokota jiwe moja moja na kulipima mkononi. Lililo jepesi limeiva. Likikuvuta mkono, moto haukulifikia moyoni, basi aliliweka kando lingoje tanuu jingine. Sisi wajukuu tulimfuata nyuma na mapakacha. "Shika hili, mjukuu wangu," aliniambia, "sasa shika na hili. Umeona? Hili bado bichi."

Nilifika Kidato cha Tatu katikati ya miaka ya 1970. Mwalimu akaandika ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba kalsiamu kabonati ikichomwa hutoa oksidi ya kalsiamu na hewa ukaa. Tukanakili, tukakariri. Hakuna aliyenyanyua mkono kusema kwamba kwao wanachoma. Mimi mwenyewe, niliyekuwa na makovu ya chokaa vidoleni, nilidhani kalsiamu kabonati ni kitu cha Ulaya kinachokuja ndani ya chupa. Miezi ikapita kabla sijang'amua kwamba chupa ile ya maabara na lundo la bibi ni kitu kimoja. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma. Ndilo lililonifanya nifundishe kemia kwa miaka 32.

Tanuu la kwetu halikujengwa kwa matofali. Kwanza hufyekwa uwanja, yakapangwa magogo ya mikoko chini kwa duara, ncha zikielekea katikati kama spoki za baiskeli. Katikati huachwa tundu. Juu ya safu hiyo hupangwa nyingine, na mapengo yakajazwa kuni ndogo na makuti, mpaka lundo limfike mtu mzima kifuani. Magogo mabichi huchanganywa na makavu. Kuni kavu tupu huwaka kwa pupa na kwisha kabla jiwe halijaiva, na kuni mbichi tupu hufuka moshi mpaka alfajiri. Juu kabisa hutandazwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwa ukubwa wa ngumi. Moto hutiwa kwa lile tundu la katikati, jioni, upepo ukishalala.

Usiku wa kuchoma hakuna aliyelala. Mawe yalipasuka kwa mlio kama wa bisi kubwa, na wakubwa wakatukataza kusogea. Bibi alitazama rangi. Wekundu wa damu haukumtosha, alitaka jiwe ling'ae kwa rangi ya chungwa. Leo najua alichokuwa akikitafuta: joto la karibu nyuzi 900, ambapo jiwe la chokaa huachia hewa yake. Hakuwa na kipimajoto wala hakukihitaji, kwa sababu rangi ya kitu kilichoshika moto ni kipimajoto cha haki kabisa, na wahunzi wa dunia nzima hukitegemea.

Baada ya hapo lundo liliachwa. Umande na mvua viliingia taratibu, na mawe yakamumunyuka yenyewe kuwa unga mweupe. Mwashi akiwa na haraka, chokaa ilizimwa kwa maji, na hapo watoto tulifukuzwa. Niliwahi kujificha nyuma ya mgomba nikaona. Bibi alilimwagia jiwe kata moja ya maji. Jiwe likayanywa, likakaa kimya kitambo kidogo, kama halikusikia. Kisha likaanza kusema. Likatoa ufa, likavimba, likafuka mvuke, maji yaliyobaki pembeni yakachemka bila ya moto, na jiwe likafumuka kama ua. Tulisema chokaa inazimwa, na kweli ni neno la moto. Joto lililotiwa katika jiwe kwa usiku mzima wa kuni linaanza kurudi nje mara maji yanapoligusa.

Zaidi ya karne mbili kabla ya usiku ule, mwaka 1754, kijana mmoja aitwaye Joseph Black aliwasilisha tasnifu yake ya udaktari mjini Edinburgh. Madaktari wa wakati wake waliwapa wagonjwa wa mawe ya kibofu maji ya chokaa, dawa kali inayounguza, naye akatafuta kitu cha upole zaidi. Katika kutafuta huko alifanya jambo ambalo wengi kabla yake hawakulifanya kwa makini: alipima kila kitu kabla na baada. Akaona kwamba jiwe likichomwa hupungua uzito, na kilichopungua ni hewa. Akaonyesha pia kwamba hewa hiyo imo katika pumzi tunayoitoa, maana ukipuliza ndani ya maji ya chokaa safi, yanageuka meupe kama maziwa. Kila mwanafunzi wa sekondari anaijua kazi hiyo, mrija mdomoni na neli mkononi. Namheshimu Black kwa moyo wangu wote. Alikuwa na mizani na kalamu. Bibi alikuwa na kiganja, na wote wawili waliligusa jambo lile lile, kwamba jiwe lililoiva limepoteza kitu.

Hesabu yake ni hii. Gramu 100 za jiwe safi huacha gramu 56 za chokaa isiyozimwa, na gramu 44 huenda angani. Kwa miaka mingi nilifundisha hivyo kwa chaki tu. Kisha mwaka mmoja nikapima darasani kipande cha tumbawe cha gramu 100, tukaenda nacho kwa mhunzi wa mtaani, akakifukia katika makaa na kuvuvia mivukuto karibu saa nzima. Tulikirudisha kwenye mizani kikiwa gramu 59. Hakikuiva chote, kama bibi angetwambia bila ya mizani. Lakini msichana mmoja aliyekuwa hasemi darasani wiki nzima akauliza, "Mwalimu, sasa hizo gramu 41 zimekwenda wapi?" Sijapata kuulizwa swali zuri zaidi katika kazi yangu.

Jibu lake ndilo somo lote la asidi, besi na chumvi. Zimekwenda hewani, na zitarudi. Chokaa iliyozimwa ni besi kali: inateleza baina ya vidole kama sabuni, inababua ngozi, inageuza litimasi nyekundu kuwa buluu. Mwashi akishaipaka ukutani, hewa ukaa iliyo angani inayeyuka katika unyevu wa lipu na kuwa asidi dhaifu. Besi na asidi zikikutana huzaa chumvi na maji. Maji hukauka, na chumvi inayobaki ni ile ile kalsiamu kabonati, yaani jiwe. Gramu 44 zilizotoroka tanuuni hurudi ukutani moja moja, milimita chache kwa mwaka, na lipu inazidi kuwa ngumu kadiri inavyozeeka. Wanafunzi wangu walicheka nilipowaambia kwamba ukuta wa msikiti ni chumvi, maana kwao chumvi ni ya mchuzi. Niliwaacha wacheke, halafu nikawapa ndimu na kipande cha lipu ya zamani. Ndimu ilipodondoka juu yake likatoka povu, na hilo povu ni hewa ukaa ikitoka kwa mara nyingine.

Kuta hizo zina umri. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mabaki ya mwingine. Wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa wa miti, na ya baadaye ikajengwa kwa matumbawe. Kizimkazi kwetu kuna msikiti ambao ukuta wake wa kibla umechongwa maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 wa Miladia. Sehemu kubwa ya jengo hilo ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yapo. Yamechongwa katika matumbawe mororo, yale yanayokatwa baharini yakiwa bado mabichi, laini kiasi cha kuchongeka kwa tezo, kisha yakawa magumu yakikauka. Kilwa Kisiwani walifika mbali zaidi: Msikiti Mkuu una kuba na matao, na jumba la Husuni Kubwa la mwanzo wa karne ya 14 lina birika la pembe nane. Msafiri Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, tayari watu wa pwani walikuwa na karne kadhaa za kuijua chokaa.

Mji Mkongwe wa Unguja ni mdogo kwa umri. Nyumba zake nyingi ni za karne ya 19, tangu Sultani Sayyid Said alipohamishia makao yake hapa. Kuta zake ni nene, nusu mita na zaidi, za mawe ya mwamba yaliyofungwa kwa udongo mwekundu na chokaa, kisha zikapigwa lipu ya chokaa nje na ndani. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazina urefu wa kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Hivyo basi mti ule ule uliopika chokaa ndio uliopima chumba. Juu ya boriti hupangwa mawe, na juu ya mawe humwagwa sakafu ya chokaa na kokoto, ambayo hutwangwa kwa vijiti kwa siku nyingi, watu wamejipanga mistari, wanaimba ili mapigo yaende sawa. Bibi alikuwa akizikumbuka nyimbo hizo. Sikuziandika, na sijajisamehe.

Wala chokaa haikukaa ukutani peke yake. Katika kijaluba cha tambuu cha bibi kulikuwa na kopo dogo la chokaa, laini kama siagi, iliyochujwa kwa kitambaa. Alipaka kidogo juu ya jani, akatia popoo, akakunja. Mate yalikuwa mekundu kwa sababu rangi iliyomo ndani ya popoo hugeuka nyekundu ikikutana na besi. Mdomo wa mtafuna tambuu ulikuwa ukifanya kazi ya litimasi kila alasiri. (Popoo huleta saratani ya mdomo, na wanafunzi wangu sikuwaficha hilo.) Jikoni nako kulikuwa na kingine: manjano. Ukipaka unga wa manjano uliolowa juu ya karatasi nyeupe, ukaugusa kwa maji ya chokaa, njano inageuka nyekundu ya kutu papo hapo. Ukiudondoshea ndimu, njano inarudi. Skuli yangu ya mwisho kufundisha haikuwa na litimasi kwa muhula mzima, nasi tulipita salama kwa manjano.

Na hiyo litimasi yenyewe, nilipokuja kusoma asili yake nilikaa chini. Hutengenezwa kutokana na kimea cha kijivu kisicho na mizizi, kinachoota juu ya magome ya miti na miamba ya pwani. Aina moja inayotumika mpaka leo hutoka Msumbiji, nayo huota pia huku kwetu juu ya mikoko. Watu wa pwani walikiita marere. Katika karne ya 19 marere yaliuzwa Zanzibar kwa wafanyabiashara wa Ulaya, nao wakayatia katika viwanda vyao vya rangi kupata zambarau ya kutilia vitambaa. Mimi nilikuwa nikihesabu vipande vya litimasi kama noti za benki, kila kikundi cha wanafunzi kipande kimoja tu, na kimea cha ukoo ule ule kimening'inia katika mikoko ambayo wanafunzi hao hupita kila asubuhi wakienda kuokota chaza.

Kisha ikaja saruji. Joseph Aspdin aliipatia hataza Uingereza mwaka 1824, lakini huku iliingia kwa wingi baadaye sana. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Sina ugomvi na saruji mahali pake. Inashika kwa saa chache, hata chini ya maji, na imewapa nyumba imara watu ambao wazazi wao walilala chini ya makuti. Ugomvi wangu ni saruji juu ya ukuta wa chokaa.

Ukoo wetu una nyumba ndogo Mji Mkongwe, upande wa Malindi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 lipu ya ukuta wa chini ilianza kubanduka, fundi akaitwa, akaipiga saruji kuanzia chini mpaka usawa wa dirisha. Ulipendeza, ulikuwa umenyooka kama daftari. Mvua mbili za masika hazikupita ukaanza kutoa unga mweupe juu ya ile saruji, pale inapokutana na chokaa ya zamani, na chumba kikawa na harufu ya kisima. Mwaka wa nne kipande cha ukubwa wa mlango kilianguka usiku, na kilianguka na ngozi yote ya ukuta, udongo mwekundu na vijiwe. Nilikiokota asubuhi. Nyuma ya saruji kulikuwa na tabaka la vijisindano vyeupe vinavyong'aa. Nikaonja kwa ncha ya ulimi. Ni chumvi, hii ya mchuzi hasa.

Nilijua maana yake, na nilijilaumu kwamba mwalimu wa kemia alikuwa safarini wakati fundi anakoroga. Mawe ya matumbawe yana chumvi ya bahari ndani yake, na mchanga wa pwani unayo zaidi. Maji hupanda kutoka ardhini kupitia ukuta mnene na kuibeba. Ukuta wa chokaa una vitundu vidogo visivyohesabika, maji hutoka na kukauka nje, chumvi hubaki juu juu, mtu akaifagia na kupaka chokaa upya kila mwaka. Ndiyo maana wazee walikuwa wakipaka chokaa kabla ya sikukuu. Tulidhani ni pambo tu. Saruji huziba vitundu hivyo. Maji hayatoki, yanatafuta njia ya juu zaidi, na chumvi hukaukia ndani, punje juu ya punje, ikisukuma kwa nguvu inayopasua jiwe. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha.

Hata majumba makubwa ya Mji Mkongwe huanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ilianguka ikiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafa. Nilikwenda siku chache baadaye, nikasimama mbali na uzio. Ndani ya jeraha lile ukuta ulionekana kama ulivyo, mawe, udongo na chokaa, kama tumbo la tanuu. Kando yangu mzee mmoja alikuwa akilia bila ya sauti.

Ukuta wetu wa Malindi tulikuwa tumeshaubandua saruji yote mwaka 2011. Tukauacha uchi miezi saba upumue, jirani wakidhani tumeishiwa pesa. Mwashi wa makamo, aliyejifunza kwa babu yake, alileta chokaa iliyokaa ndani ya shimo la maji tangu masika ya mwaka uliopita, imekuwa nzito kama samli iliyoganda. Alipiga lipu tabaka tatu nyembamba, akilowesha kila siku na kufunika kwa magunia, kwa sababu chokaa ikikaushwa na jua haraka haipati wasaa wa kunywa hewa yake. Ilichukua wiki sita. Kwa pesa tuliyompa, ukuta ungeweza kupigwa saruji mara mbili. Ukuta ule umesimama mpaka leo, na kila mwaka kabla ya Ramadhani naufagia unga kidogo na kuupaka.

Hata hivyo sitaki tanuu la bibi lirudi vile vile. Tanuu moja lilikula magogo mengi mno, na mikoko yetu haistahimili. Matumbawe hai yaliyovunjwa baharini kwa ajili ya chokaa, hasa Mafia na pwani ya kusini mwa Tanzania bara, yalikuwa nyumba za samaki, na Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza ya nchi mwaka 1995. Jiwe la kuchoma limejaa nchi kavu, mwamba wa kale uliokuwa bahari zamani, na matanuu yaliyojengewa kuta hutumia kuni kidogo zaidi kuliko lundo la wazi. Inawezekana. Kinachopungua haraka kuliko kuni ni watu wanaojua rangi ya jiwe lililoiva.

Basi mwalimu mwenzangu unayesoma hapa, somo hili likikufikia mwaka huu, kabla hujafungua kitabu watume wanafunzi wako nyumbani wakaulize nani katika ukoo aliwahi kuchoma chokaa, kuzima chokaa au kupiga sakafu. Wakipata mtu, mwalike darasani, umpe kiti cha mbele. Na mmoja wa wanafunzi awe na kalamu mkononi tangu mwanzo, hasa mzee akianza kuimba.